Kamera ya kwanza ya filamu ya 120: Yashica Mat, Hasselblad, Mamiya RB67 au Zeiss Ikon ya kukunja?

Anayetoka kwenye filamu ya 35mm au kamera ya dijitali na kutaka kuanza filamu pana ya 120 hukutana na majina yaleyale kila anapouliza: Yashica Mat-124G, Hasselblad 500C/M, Mamiya RB67 na kamera ya kukunja ya Kijerumani, kama Zeiss Ikon Nettar. Zote nne hula filamu moja, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901 na ambayo bado inatengenezwa. Zote nne zinaweza kutoa negativu ya kuchapa picha kubwa ya ukutani. Lakini ukizishika mkononi ni kamera nne tofauti kabisa.

Wengi huchagua kwa sifa ya lenzi. Kwenye f/8 au f/11, ambako picha nyingi hupigwa, lenzi za kamera hizi zinakaribiana kuliko mnunuzi anavyodhani. Zinapoachana ni kwenye namna unavyomtazama unayempiga, kazi ya mikono kati ya picha moja na nyingine, na kile kinachokufa ndani ya kamera baada ya miaka 50. Ndiyo maana vigezo hapa ni hivi: umbo la negativu, kutazama na kufokasi, kuweka filamu na kupiga, mwanga na fleshi, uzito, na uharibifu. Bei imeachwa nyuma kwa makusudi. Kamera ya bei poa yenye shata iliyokwama ni hasara, na nzima ya bei ya juu unaweza kuiuza tena.

Tukitaja Hasselblad hapa tunamaanisha 500C/M iliyotengenezwa Uswidi kuanzia 1970 hadi 1994, ikiwa na lenzi ya Planar 80mm f/2.8 na kasha la filamu la A12. Mamiya ni RB67 Pro S, iliyotoka 1974, na lenzi ya Sekor C 90mm f/3.8. Zeiss Ikon ni Nettar 518/16 ya miaka ya 1950, na lenzi ya Novar 75mm.

Umbo la negativu na idadi ya picha

Yashica, Hasselblad na Nettar hii hutoa mraba wa 6x6, ambao kwa kipimo halisi ni milimita 56 kwa 56. Roli moja ni picha 12. RB67 hutoa mstatili wa 6x7, yaani milimita 56 kwa takriban 69.5, na roli ni picha 10. Mraba una eneo mara 3.6 ya negativu ya 35mm, mstatili mara 4.5.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uchape. Karatasi ya inchi 8 kwa 10 inalingana na 6x7 bila kukata kitu cha maana. Ukichapa mraba kwenye karatasi hiyohiyo na kuijaza, unabaki na milimita 45 kwa 56 tu, na hapo negativu ya RB67 inakuwa kubwa kwa mara moja na nusu. Anayependa picha ibaki mraba hapotezi chochote. Tena mraba unamwondolea swali la kusimamisha kamera au kuilaza, swali ambalo kwenye kamera ya kutazamwa kutoka juu ni gumu, kwa sababu ukiilaza itakubidi utazame kwa ubavu. RB67 imelitatua kwa kasha la nyuma linalozunguka nyuzi 90: kamera inabaki wima, filamu ndiyo inayogeuka.

Kwa gharama, roli ni ileile na kusafisha filamu kwa dawa ni kulekule, kwa hiyo kila picha ya RB67 inakula asilimia 20 zaidi ya picha ya mraba.

Kutazama na kufokasi

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndipo mtu anapaswa kutumia muda mwingi kabla ya kununua.

Yashica ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu, f/2.8, ni ya kutazamia; ya chini, f/3.5, ndiyo inayopiga. Unaiweka kifuani, unafungua kifuniko, unainamisha kichwa. Taswira inaonekana imenyooka lakini kushoto kumekuwa kulia, na kwa roli za mwanzo utamfuata mtu anayetembea kwa kuelekeza kamera upande usio wake. Mkono huzoea. Faida yake kubwa ni kwamba taswira haipotei wakati wa kupiga: unaona kama mtu amefumba macho palepale shata inapolia. Udhaifu wake ni ukaribu. Kamera inafokasi hadi mita 1, na kwa umbali huo lenzi ya juu haioni sawasawa na ya chini. Ukiwa kwenye stendi, panga picha, kisha inua kamera sentimita 4 hadi 5 ili lenzi ya kupigia ikae pale ilipokuwa ya kutazamia. Usipofanya hivyo utakata utosi wa mtu.

Hasselblad ina lenzi moja na kioo cha ndani, kwa hiyo unachoona ndicho kitakachoingia kwenye filamu, hata kwa sentimita 90. Nayo hugeuza kushoto na kulia. Ukishapiga, kioo kinabaki juu na dirisha linakuwa jeusi mpaka uzungushe mkono wa pembeni. Si ubovu, ingawa wanunuzi wapya hudhani hivyo. Vioo vya kutazamia vya 500C/M hubadilishwa na mwenye kamera mwenyewe, na kioo angavu cha miaka ya baadaye humsaidia sana mwenye macho yaliyochoka.

RB67 nayo ina kioo cha ndani na dirisha hubaki jeusi mpaka uvute wenzo wa kulia. Kioo chake cha kutazamia ni kikubwa kuliko vyote vinne, na kwa picha za watu ndani ya studio hakuna hapa kinachofurahisha zaidi. Fokasi inafanywa kwa mvukuto unaosogeza lenzi mbele, kwa hiyo inakaribia sana kitu bila kifaa cha ziada. Ukiunyoosha wote kwa lenzi ya 90mm, mwanga unaofika kwenye filamu unapungua kwa takriban stopu moja. Ubavuni mwa kamera kuna mchoro wa kukuonyesha uongeze kiasi gani. Usipoutazama, picha zako za karibu zote zitakuwa nyembamba.

Nettar haina cha kukuonyesha fokasi. Unakadiria umbali kwa macho, unazungusha pete ya mbele ya lenzi, unatazama kupitia kidirisha kidogo na kupiga. Watu huikimbia kwa sababu hiyo, lakini hesabu iko upande wako ukiwa nje. Kwa f/11, ukiweka pete kwenye mita 10, kila kitu kuanzia takriban mita 5 hadi upeo wa macho kitatoka safi. Ukiweka mita 3, una nafasi kuanzia mita 2.3 hadi 4.2. Balaa ni kwa karibu na tundu wazi: kwa mita 1.5 na f/4.5 una sentimita 18 tu za usalama, mbele na nyuma kwa pamoja, na hakuna jicho la kukadiria hivyo. Hapo tumia futi ya fundi cherehani, au jizoeze urefu wa mkono wako.

Kuweka filamu na kupiga

Filamu ya 120 haina kasha la chuma. Imeviringwa na karatasi kwenye spuli, na spuli tupu ya roli iliyopita ndiyo inayopokea roli mpya, kwa hiyo usiitupe, na ukinunua kamera hakikisha imo. Upande mweusi wa karatasi uangalie lenzi. Ukigeuza, utasafisha roli tupu. Weka filamu kivulini, na unapozungusha karatasi ya mwanzo ibane spuli kwa kidole gumba ili isilegee. Roli iliyolegea huingiza mwanga pembeni na kuacha michirizi myeusi kwenye kingo za negativu. Ukiitoa imelegea, ifunge kwa karatasi ya foili hapohapo.

Kwenye Yashica, roli mpya inakaa chini na spuli tupu juu. Unavuta karatasi mpaka mshale wake ulingane na alama za pembeni, unafunga, unazungusha mkono mpaka ukwame kwenye namba 1. Kuanzia hapo mkono huohuo unasogeza filamu na kukoki shata pamoja. Ni kamera isiyokupa nafasi ya kusahau.

A12 ya Hasselblad inaogopesha mara ya kwanza, kwa sababu filamu huviringwa kwenye kitoto kinachochomolewa, nayo lazima ipite chini ya ulimi mdogo wa chuma kabla ya kufika spuli ya pili. Ikipita juu ya ulimi, haitakaa bapa. Kuna mambo matatu ya kushika. Kamera haipigi bati la kinga, lile linaloziba mwanga usiingie kwenye kasha, likiwa ndani. Lenzi haitolewi wala kuwekwa kama kamera na lenzi hazijakokiwa zote mbili. Ukilazimisha zitang'ang'aniana na utamhitaji fundi. Na kwa kasi za polepole, shikilia kitufe mpaka shata imalize, kwani kuna milango miwili ya nyuma inayofunga mara tu unapoachia kidole. Ukiachia mapema kwenye sekunde 1, utapata picha ya nusu sekunde.

RB67 inatenganisha kazi mbili: wenzo wa kulia unakoki shata na kioo, wenzo wa kasha unasogeza filamu. Inakufundisha utaratibu, au inakukasirisha. Tahadhari moja imewaliza wengi. Kwenye lenzi kuna pete yenye herufi N na M. Ikiwa kwenye M, ukibonyeza kitufe cha kamera kioo kinapanda kwa kishindo lakini shata haifunguki, kwa sababu kamera inasubiri waya wa kupigia uliofungwa kwenye lenzi. Unaweza kumaliza roli nzima bila picha hata moja. Iache kwenye N.

Nettar inafuata namba zilizochapwa nyuma ya karatasi, unazozisoma kupitia kidirisha chekundu mgongoni. Zungusha taratibu mpaka namba ionekane katikati, na jua likiwa kali fanya hivyo ukiwa umelipa jua mgongo. Zenye shata ya Pronto au Prontor hukokiwa kwa kidole kwenye lenzi. Fungua kamera kwanza, ndipo usogeze filamu. Ukisogeza kisha ukafungua kwa nguvu, mvukuto hunyonya hewa na kuivuta filamu mbele, na katikati ya picha hupoteza ukali.

Mwanga, kasi na fleshi

Hasselblad, RB67 na Nettar hazina mita ya kupima mwanga wala betri. Yashica ina mita, lakini ilijengwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena, na betri za leo za volti 1.5 huipotosha. Hata ikicheza sindano, usiitegemee bila kuilinganisha na kipimo kingine. Kwa vitendo, kamera zote nne utazipimia kwa programu ya simu au mita ya mkononi.

Kwa picha za watu wenye ngozi nyeusi juani, usipime mandhari: simu itaona ukuta mweupe au mchanga na uso utabaki kivuli kisicho na kitu. Sogea, pima uso, kisha punguza stopu moja. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukisita ongeza.

Yashica na Hasselblad hufika 1/500, RB67 1/400. Nettar zenye shata ya Vario zina 1/25, 1/75 na 1/200 tu, pamoja na B, ambapo shata hubaki wazi mradi umebonyeza. Hili lina maana kwa nchi zetu: mchana wa jua kali, filamu ya ISO 400 inataka 1/400 kwa f/16, na kwa 1/200 utalazimika kufika f/22. Mwenye Nettar aanze na filamu ya ISO 100 au 125, kama Ilford FP4 Plus. Wa kamera nyingine anaweza kuanza na HP5 Plus au Tri-X za ISO 400 bila shida.

Kwa fleshi, shata zilizo ndani ya lenzi ni neema. Yashica, Hasselblad na RB67 hukubali fleshi kwa kasi yoyote, kwa hiyo unaweza kupunguza anga la mchana kwa 1/400 na kumwangaza mtu kwa fleshi, jambo ambalo kamera nyingi za 35mm haziwezi. Wenzo wa fleshi ukiwa na M na X, uwe X. Kwenye Nettar tazama kwanza kama kuna tundu la waya, halafu ijaribu ukiwa umefungua mgongo bila filamu: duara la mwanga lionekane lote.

Uzito

Nettar haifiki gramu 700 na huingia mfuko wa koti. Yashica ni kilo 1.1. Hasselblad na lenzi yake na kasha ni kilo 1.5 hivi. RB67 ni takriban kilo 2.7 kabla hujaongeza lenzi ya pili, na mtu anayeipeleka harusini bila stendi atajuta kabla ya maharusi kufika. Kama unaagiza kutoka Japani, uzito huo utaulipia tena kwenye usafirishaji.

Kinachoharibika

Adui wa kwanza wa pwani ni kuvu ndani ya lenzi. Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Muscat, kamera iliyofungwa kwenye mkoba wa ngozi na kuwekwa kabatini inaota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui juu ya vioo. Nyuzi chache pembeni hazionekani kwenye picha. Zikifika katikati hufifisha picha, na zikishakula ngozi ya kioo haziondoki hata fundi akisafisha. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika jeli, na uzikaushe pakiti hizo kila zinapojaa unyevu. Usitunze kamera ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu.

Yashica hufa kwanza kwa mita, jambo lisilokuzuia kupiga. La kuangalia zaidi ni kasi za polepole zilizokwama kwa grisi kavu, pete ya fokasi nzito, kioo cha ndani kilichopoteza ung'avu, na sponji za mgongo zilizogeuka lami. Sponji unaweza kubadilisha mwenyewe. Shata ikifa, kamera nzima imesimama, kwani lenzi haibadilishwi.

Hasselblad huvujisha mwanga pale bati la kinga linapoingia kwenye kasha. Dalili ni doa jeupe kwenye picha, likianzia kingo ileile kila mara. Kinga hiyo ni kipande kidogo na hubadilishwa bila kazi kubwa. Kitoto cha A12 na ganda lake vina namba, na tarakimu tatu za mwisho zikilingana ni dalili kwamba vilizaliwa pamoja. Umri wa kamera unausoma kwenye herufi mbili za mwanzo wa namba yake kwa kutumia VHPICTURES: V ni 1, H ni 2, mpaka S ambayo ni 0. Kwa hiyo RP ni 1983. Vipuri vipo na mafundi wake wapo, ila wengi wako Ulaya na Marekani, na malipo yao yanaweza kuzidi bei ya Nettar kadhaa.

RB67 ni ngumu. Kinachochoka ni sponji za kasha na za kiungo kinachozunguka, halafu mvukuto. Kwa kuwa kila lenzi ina shata yake, shata ikifa unatafuta lenzi nyingine na mwili unabaki salama. Hali ni hiyohiyo kwa Hasselblad, ila lenzi za Mamiya ni nafuu zaidi.

Nettar ina vitu vichache vya kuharibika: mvukuto uliotoboka kwenye kona za mikunjo, grisi ya pete ya mbele, na shata yenye vumbi. Mivukuto ya Zeiss Ikon imedumu vizuri kuliko ya Agfa Isolette, ambayo pia inajulikana kwa grisi ya kijani inayoganda mpaka pete ya mbele isizunguke kabisa. Fundi saa mwenye mkono mtulivu anaweza kuisafisha shata ya Nettar. Ya Hasselblad usimpe.

Kabla ya kulipa, na roli ya kwanza

Piga shata kwenye sekunde 1, au kwenye kasi ya chini kabisa kama kamera haina sekunde 1, na usikilize. Inapaswa kulia kwa mfululizo na kufunga. Ikigugumia au ikibaki wazi, grisi imekauka. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi na utazame kwa pembe. Kwa RB67 na Nettar, ingia chumba cha giza, weka tochi ndani ya mvukuto na uuzungushe. Kila tundu litaonekana kama nyota. Kama unanunua kwa mbali, omba video ya shata kwenye sekunde 1 na picha ya lenzi iliyomulikwa. Muuzaji anayekataa vyote viwili, mwache.

Roli ya kwanza iwe ya kuipima kamera, si ya harusi ya dada. Siku ya mawingu angavu, kwa filamu ya ISO 100, piga ukuta uleule kwa 1/500 na f/4, 1/250 na f/5.6, 1/125 na f/8, 1/60 na f/11, 1/30 na f/16. Kwa RB67 anzia 1/400, kwa Nettar tumia kasi ulizonazo kwa kufuata hesabu hiyo. Negativu zote zikitoka na weusi sawa, shata ni nzima. Moja ikiwa nzito kuliko nyingine, umeijua kasi iliyochoka na utaikwepa. Picha zinazobaki, piga mtu kwa umbali mfupi na tundu wazi ili uipime fokasi.

Kusafisha hakubadiliki kwa kamera yoyote. Tangi la Paterson linataka mililita 500 kwa roli moja ya 120. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba ya pwani yana joto kuliko hapo, kwa hiyo poza dawa kwa kuweka chupa kwenye beseni la barafu na upime kwa kipimajoto, usikadirie. Gurudumu la tangi liwe kavu kabisa, la sivyo filamu itakwama katikati gizani.

Nani achague ipi

Ukitaka kamera moja ya kutembea nayo, kupiga watu mtaani na nyumbani, bila lenzi za ziada na bila kufikiria vipuri, tazama Yashica kwanza. Inakusamehe mengi, na mtu anayepigwa hulegea kwa sababu huna kamera usoni. Haitakufaa kama unapenda sura za karibu sana au unajua utataka lenzi ndefu baadaye.

Ukiwa na studio, hata chumba kimoja chenye pazia na taa mbili, na stendi imara, RB67 itakulipa kuliko zote, hasa ukichapa inchi 8 kwa 10. Kwa picha za vitu vidogo kama vito na vyakula, mvukuto wake unashinda. Asiyekuwa na stendi wala gari aangalie kwingine.

Hasselblad inamfaa anayejua kwamba atabaki na filamu kwa miaka, anayetaka kubeba makasha mawili, moja la rangi na moja la nyeusi na nyeupe, na kuyabadilisha katikati ya roli, na ambaye ana akiba ya matengenezo kando ya bei ya kununulia. Kwa asiye na hakika kama ataipenda filamu, ni mtaji mkubwa kuufunga kwenye kitu kinachotaka utaratibu mkali.

Nettar ni ya msafiri, mpanda mlima, na mwanafunzi mwenye bajeti ndogo anayepiga mandhari na majengo kwa jua. Ni ya mwenye subira pia, kwa sababu kila kitu unakifanya wewe. Ukipiga zaidi ndani ya nyumba, jioni, au sura za karibu, itakukatisha tamaa bila kosa lake.

Na kama kuna mtu karibu nawe mwenye mojawapo ya hizi, ikiwa nzima, na yuko tayari kukuazima kwa roli mbili, anza na hiyo hata kama siyo uliyoipanga. Roli hizo mbili zitakuonyesha kama unapenda kutazama kutoka kifuani au la.